Rupia ya Mjerumani inayovuta mchele: ami alitaka kuuza minazi, nikaomba tubadilishe mchele kwanza

Mwana wa Mwambani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nina stori na mwisho nina swali, msinitukane kwa urefu.

Nipo Tanga. Familia yetu ina kishamba cha minazi pande za Mwambani tulichoachiwa na babu. Wiki mbili nyuma ami yangu, mdogo wake baba, akanipigia simu saa nne usiku ananong'ona kama mtu aliyejificha chooni, anasema kuna dili. Dili lenyewe rupia. Watu wa Pwani hili mnalijua, kuna sarafu ya Mjerumani ina "nguvu", ukiisogeza kwenye mchele punje zinaifuata zenyewe, na kuna tajiri wa Dubai anainunua kwa mabilioni, ila kabla tajiri hajapanda ndege lazima alipwe mtaalamu wa kuipima na mtaalamu anataka milioni sita. Ami hana milioni sita. Ana minazi.

Nikaenda. Sebuleni pazia zimeshushwa mchana kweupe, ubani unafuka, dalali kakaa kwenye kochi kanyooka, mstaarabu, maneno yake taratibu. Rupia iko ndani ya kitambaa cheusi kimefungwa fundo, haifunguliwi, eti ikipigwa na mwanga inakimbia. Akatoa kichupa cha mafuta ya kupaka, ndani mna mchele, akaumwaga kwenye sahani ya plastiki. Akashusha kitambaa polepole. Wallahi punje zikasimama, zikaruka, zikang'ang'ania kitambaa kama kupe. Nywele zilinisisimka siwadanganyi. Ami ananitazama kwa jicho la "umeona sasa?"

Sijui nini kilinituma, nikasema naomba tujaribu na mchele wa humu ndani. Nikaingia jikoni, mama mdogo alikuwa na ungo anachambua, akanipa konzi moja. Tukamwaga kwenye sahani ileile. Kitambaa kikashuka, mchele tuli. Kikapita tena, tuli. Dalali akasema mchele wa dukani umeshikwa na mikono mingi. Halafu akasema, na hapa ndo watu wote wakanigeukia, "humu ndani kuna mmoja haamini, na rupia inamjua."

Katoto ka dada kalikuwa kanachezea spika ya redio mbovu, ile sumaku yake ya nyuma. Nikaiomba, nikaisogeza kwenye mchele wa dalali. Ukaruka wote. Hakuna rupia, hakuna ubani, sumaku ya redio ya mkulima. Nikasugua punje kwa kidole, kidole kikawa cheusi, vumbi la chuma limegandishwa mle. Mama mdogo kasimama mlangoni na ungo wake akauliza kwa upole kabisa, "huo mchele wako baba, tukupikie ule?"

Jamaa aliondoka soda hajaimaliza.

Sasa swali. Mlidhani ami kapona? Juzi kaniambia "yule ni tapeli, sawa, ila rupia ya kweli IPO." Mtu wa namna hii unamwambia nini?

Shombo la Pwani

hahahaaa "tukupikie ule" 😂😂 mama mdogo apewe nyumba. Mie nimekaa paleee na kahawa na kashata, endeleeni

Sonara wa Ngamiani

Mleta uzi umefanya kazi ambayo mie naifanya dukani kila mwezi, na sipewi hata soda.

Rupia zenyewe ni kitu cha kawaida sana msizitie uchawi. Za kwanza za Mjerumani zina mwaka 1890, upande mmoja Kaisari Wilhelm wa pili kavaa kofia ya chuma ina tai juu, upande wa pili simba na mti kama mnazi. Baadae, kuanzia 1904, simba akaondoka. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, wakageuza ikawa heller 100, ndo maana wazee wetu mpaka leo wanasema hela. Uzito wake gramu 11.66, fedha karibu asilimia 92, sawasawa na rupia ya Uhindi maana Pwani hii watu walishazoea ya Mhindi, Mjerumani angeleta uzito mwingine nani angeipokea?

Na fedha HAINASI sumaku. Ukiletewa rupia ya fedha inayonasa kwenye sumaku ujue ni chuma kimepakwa. Na kama ni fedha kweli basi haiwezi kuvuta chuma, kwahiyo ndani ya kile kitambaa palikuwa na kisumaku, vile vya kufungia pochi za akina mama. Chagua lipi unalotaka, dalali anashindwa kotekote.

Ipo ya thamani, hiyo nakiri. Mwaka 1916 Mjerumani kabanwa na vita akafyatua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 palepale Tabora, ina picha ya tembo. Wakusanyaji wanaitafuta. Ila wanailipia kwa sababu ni chache na ni dhahabu, hakuna anayeiweka karibu na wali.

Mzee wa Mkwakwani

Vijana wa siku hizi mkishamshika tapeli mmoja mnadhani mmemaliza dunia. Sayansi haijui kila kitu. Hao wazungu wenu walitwambia silikanti, yule samaki wa kale, kafa miaka milioni sitini na ushee, vitabu vyote vimeandika kafa, wavuvi wetu hapahapa Kigombe wanamtoa kwenye jarife. Leo mnacheka rupia kesho mtaiona kwenye taarifa ya habari. Na nyuki je? 1914 Mwingereza kashuka Tanga na majeshi maelfu kafukuzwa na nyuki, nyuki wale nani aliwatuma?

Mvuvi wa Sahare

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa pabaya maana huyo samaki ni wa kwangu mie.

Silikanti nimemshika kwa mikono hii. Mzito, buluu ya giza ina mabaka meupe kama chokaa iliyomwagika, magamba yanakwaruza, na mapezi yake ya chini yametoka kama vigasha vya mtoto, yaani unayashika unahisi kuna mfupa na nyama ndani. Nyama yake mafuta matupu, ukila tumbo linakuhukumu. Hapa Tanzania walianza kuonekana kwenye nyavu mwaka 2003, na hapa Tanga wakatoka wengi, ndo mpaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari ya silikanti. Kwahiyo mzee upo sahihi kabisa kwamba wataalamu walikosea.

Ila hebu tazama walivyokubali kwamba wamekosea. Mwaka 1938, Desemba, Afrika Kusini, mji unaitwa East London, kuna binti anafanya kazi makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer. Akaitwa bandarini achague samaki wa ajabu kwenye meli ya uvuvi, akamkuta huyu chini ya rundo. Urefu mita moja na nusu, dereva wa teksi hataki kumpakia. Joto la Desemba, samaki anaoza, hakuna friji la kumtosha, utumbo ukatupwa, wakamkausha ngozi tu. Yule binti hajui ni nini, akachora mchoro kwa kalamu akautuma kwa mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Smith alipoona mchoro ule alijua ni nini na wakati huohuo akaogopa kuonekana chizi. Akaenda mwenyewe kumwona, Februari 1939. Alipomuona basi, ubishi ukafa. Samaki yupo mezani, magamba yapo, mapezi yapo, asiyeamini apande treni aje.

Na hakutosheka! Alichapa vipeperushi, picha ya samaki na zawadi ya pauni 100, vikasambazwa mwambao huu wote, akasubiri miaka kumi na nne mpaka wa pili akatoka Komoro 1952. Akaomba ndege ya jeshi ikamchukue. Mtu anadai jambo kubwa halafu yeye mwenyewe ndo anahangaika kuleta ushahidi wa pili.

Sasa mzee wangu, rupia inayovuta mchele inadaiwa tangu sijazaliwa. Silikanti kakaa chini ya bahari mita mia na zaidi, kwenye mapango, gizani, na bado tumemtoa. Rupia iko mfukoni mwa dalali, ni hatua mbili kutoka mfukoni mpaka mezani, na haifiki.

Shombo la Pwani

Mvuvi umeua 🔥 kuanzia leo mie nikiambiwa kitu nasema LETE SAMAKI

Mzee wa Mkwakwani

Marahaba mwanangu. Samaki nimekubali. Nyuki hamjanijibu.

Ticha wa Makorora

Nyuki walikuwepo mzee, hiyo si hadithi. Novemba 1914, bunduki zinalia kwenye miti yenye mizinga, nyuki wakachafukwa, wakang'ata Waingereza, wakang'ata Wahindi, na upande wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nao hawakuulizwa kitambulisho. Kinachonichekesha ni upande wa pili: Waingereza wenyewe nao walizusha kwamba Mjerumani kawatega wale nyuki kwa kamba makusudi. Jeshi la watu kama elfu nane limeshindwa na watu kama elfu moja, lazima itafutwe sababu tamu. Kila mtu ana rupia yake.

Bwagamoyo

Huku kwetu Bagamoyo si rupia, ni "mali za Mjerumani". Kila mwembe mzee eti una sanduku chini. Mtaani kwetu walikuja jamaa na mashine, kishikio cha plastiki na antena inayoyumba, antena ikielekea mahali basi mali ipo. Jirani akalipa laki nane. Walichimba siku tatu chini ya mwembe wakatoa kigae cha choo, kimeandikwa kabisa kiwanda. Mwembe ulikufa mwaka uliofuata, ulikuwa unazaa dodo za kulia.

Baadae nikaja kusoma habari ya mashine ndugu na hiyo, inaitwa ADE 651, nikakaa kimya nusu saa. Mwingereza mmoja, James McCormick, kawauzia serikali ya Irak eti inanusa mabomu, nyingine zilikwenda hadi dola elfu arobaini moja. Asili yake ni mchezo wa kutafutia mipira ya gofu, dola kama ishirini. Ndani hamna kitu, hamna hata betri. Askari wa Baghdad wanasimama nayo kwenye vizuizi, gari lina bomu linapita. Alifungwa miaka kumi London 2013.

Halafu kinachouma ni kwamba wengi walioishika waliamini kwa dhati, maana antena ikiwa imelegea vile mkono unainama kidogo tu bila mwenye mkono kujua, antena inageuka, unaapa imegeuka yenyewe. Yule jamaa wa mwembeni siwezi kusema kwa hakika alikuwa tapeli. Inawezekana na yeye aliuziwa.

Binti Pangani

Bwagamoyo pole kweli. Hapa ndo huwa sipendi tunavyocheka watu.

Mzee wa Mkwakwani, nakusubiri uje na jinamizi maana najua unakuja nalo 😄

Mzee wa Mkwakwani

Nakuja nalo ndio. Mie nimekabwa. Mwaka niliofiwa na mke wangu, usiku, macho nayaona yako wazi, dari naiona, na kitu kimenikalia kifuani siwezi kupiga kelele wala kuinua kidole. Hilo halina sumaku. Nani aniambie sikuona?

Binti Pangani

Shikamoo mzee, na pole sana na msiba hata kama umepita. Ulikiona, hakuna wa kukubishia hapo. Mie ni nesi na mimi mwenyewe nimekabwa mara mbili nikiwa zamu za usiku mfululizo.

Tunachobishania ni kilikuwa nini. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo unaifunga misuli ya mwili, isije ukaota unamkimbiza mwizi ukampiga teke uliyelala nae. Mara mojamoja macho yanafunguka kabla misuli haijafunguliwa. Basi unaona chumba chako halisi, na ndoto inaendelea juu yake. Pumzi inakwenda kwa mwendo wa usingizi, ukitaka kuvuta kwa nguvu haikutii, unahisi uzito kifuani. Inawapata zaidi watu waliokosa usingizi, wenye majonzi, na waliolala chali. Watu wa Newfoundland kule Kanada wao anawajia bibi kizee anakaa kifuani. Sisi tunaliita jinamizi. Pemba na Unguja mwaka 1995 liliitwa popobawa, na unakumbuka mzee ilivyokuwa, watu wazima wanalala nje wamezunguka moto, mtaa mzima umekesha, na ukikesha siku tatu ya nne jinamizi linakupata kweli, kesho yake unasimulia na jirani nae hapati usingizi.

Kuna kijana mgonjwa wa akili alipigwa na kundi la watu Unguja mpaka akafa, eti ndo popobawa. Mie hicho ndo kinanifanya niandike marefu. Jinamizi halijamuua mtu mle.

Lala ubavu mzee, na kahawa ya baada ya isha punguza.

Mzee wa Mkwakwani

Kahawa ndo umenionea. Lakini nimesoma. Kulala chali ni kweli, mie hulala chali.

Kidagaa Kichungu

Mnavyoongea ni kama dawa zetu za asili zote uongo. Kikombe cha dawa ya babu wa Loliondo 2011 mama yangu mkubwa alikunywa sukari ikashuka. Shilingi mia tano tu. Nyie na maprofesa wenu.

Binti Pangani

Alipima? Simaanishi kukukejeli, nauliza kweli. Sukari inapanda na kushuka, na mtu akishakaa siku tano kwenye foleni ya Samunge, kule kwenye kikombe, anakula kidogo na kutembea sana itashuka hata kwa maji ya bomba. Mie niliona wagonjwa waliorudi wamefurahi, wamejisikia wepesi, wameacha dawa zao maana "nimepona", miezi michache baadae wanaletwa na machela. Kujisikia ni kitu kimoja na kipimo kitu kingine.

Na kuhusu mizizi kwamba tunaidharau, hapana. Pakanga si jani? Mchina Tu Youyou alikuwa anatafuta dawa ya malaria kwenye vitabu vya kale, pakanga ya kwao ikawa leo inafanya kazi kesho haifanyi. Akarudi kwenye maandishi ya miaka kama 1,600 iliyopita akaona yanasema loweka kwenye maji ukamue, hayajasema chemsha. Akagundua moto unaiua dawa. Akabadilisha njia, sampuli namba 191, Oktoba 1971, ikasafisha vimelea kwa panya wote. Kabla ya kumpa mgonjwa akainywa yeye mwenyewe. Nobeli kapewa 2015 na dawa mseto unayopewa zahanati ukiumwa homa imetoka humo. Kile kikombe hakuna aliyekifanyia hivyo kikafaulu.

Mwana wa Mwambani (mleta uzi)

Nasoma zote. Ila bado sijajibiwa la ami. Nikimwambia vumbi la chuma ananiambia hiyo ilikuwa feki, ya kweli ipo. Nikimletea kumi feki atasema ya kumi na moja.

Kombamwiko wa Amboni

Ami wako ni kama mjomba wangu na mapango ya Amboni. Anasema yanatokea Mombasa, hapana yanatokea Kilimanjaro, kuna mbwa aliingia huku akatoka kule. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima 1994, pango refu kuliko yote mita 900. Nikamwambia. Akasema walipima pango lisilo lenyewe 😂 Sikubishana tena, nilimwambia tu mjomba siku ukimwona huyo mbwa mfunge kamba.

Ticha wa Makorora

Mleta uzi acha kubishana na ami kuhusu rupia zote za dunia, hutozimaliza. Mpe mtihani autunze yeye, awafanyie wenyewe wanaokuja.

Kuna mtoto Marekani, Emily Rosa, alikuwa na miaka tisa. Walikuwepo watu wanasema wanahisi nguvu inayotoka kwenye mwili wa mgonjwa bila kumgusa, hospitali zinawatumia. Yeye kachukua kadibodi kaitoboa matundu mawili, mtaalamu anapitisha mikono miwili hamuoni mtoto, mtoto anarusha shilingi halafu anaweka kiganja chake juu ya mkono mmoja wa yule mtaalamu bila kuugusa, haya sema ni upi. Wataalamu 21, majaribio 280, wakapatia 123. Ukikisia tu unapata 140! Ikachapwa kwenye jarida kubwa la madaktari 1998 ana miaka 11. Gharama yake haifiki hata bei ya jembe.

Ami achukue vikombe kumi vya plastiki visivyoonyesha ndani. Mama mdogo afiche rupia chini ya kimoja halafu ATOKE, asikae mle, maana macho ya aliyeficha yanasema. Dalali aingie na mchele wa ndani na aonyeshe iko wapi. Mara kumi. Wa kukisia atapata moja, akibahatika mbili. Akipata tisa mie nauza pikipiki yangu nachangia hiyo milioni sita, nimeandika hapa mbele za watu. Na makubaliano yasemwe KABLA, kabla hajaanza aulizwe mchele huu unafaa? kuna asiyeamini? sahani ni nzuri? Akishakubali yote ndo aanze, asije akatafuta sababu mwishoni.

Sonara wa Ngamiani

Na mizani aje kwangu, bure.

Mwana wa Mwambani (mleta uzi)

Mrejesho wakuu, nilichelewa nilikuwa shamba.

Nilimsomea ami uzi mzima jana jioni barazani, kuanzia silikanti mpaka vikombe. Kwa nyuki akacheka, kwa yule kijana wa Unguja akanyamaza. La mtihani hakusema kitu. Mama mdogo ndo alisikia, leo asubuhi nimekuta vikombe kumi vya plastiki vya kijani vimepangwa juu ya kabati, vipya, bado vina karatasi ya bei.

Sasa sikilizeni. Mchana huu kapiga dalali mwingine, sauti nyingine, anasema yule wa kwanza ni muhuni amechafua jina la biashara, yeye anayo yenyewe, adimu, ya mwaka 1885. Ami kaweka spika tusikie wote. Nikamtolea macho nikamwonyesha kwenye simu pale Sonara alipoandika za kwanza ni za 1890. Ami kaisoma, kavua miwani, kafuta, kasoma tena.

Halafu akamwambia, "Njoo nayo ijumaa baada ya swala. Mchele usibebe, upo."